Telford: mji ambako ndege zilizokufa hufufuliwa kwa gundi

Msomaji mpenzi, hebu jaribu kuwaza jambo hili. Ni Jumamosi asubuhi, baridi ya Novemba inapenya hadi kwenye mifupa, mvua ya rasharasha inanyesha, na nje ya jumba moja kubwa kuna foleni ndefu ya watu wazima. Wengi wao wana mvi. Baadhi wanatembea kwa mkongojo. Karibu kila mmoja amebeba begi tupu. Ukiwauliza wamefuata nini, watakujibu bila haya yoyote kwamba wamefuata vijindege.

Nami nilikuwa katika foleni hiyo, nimejikunyata ndani ya koti la kuazima. Ilikuwa Novemba 2023. Nilikuwa Birmingham, Uingereza, kwa mafunzo mafupi ya kazi, na wikendi hiyo wenzangu walipoelekea madukani, mimi nilipanda garimoshi kwenda Telford.

Telford si mji wa kale. Ulibuniwa na serikali katika miaka ya 1960 kwa kuunganisha vijiji na miji midogo iliyotegemea migodi na viwanda, na mnamo 1968 ukapewa jina la Thomas Telford, mhandisi mashuhuri wa barabara na madaraja. Ukitoka Birmingham unafika kwa muda usiozidi saa moja. Kilomita chache kutoka katikati ya mji ndipo lilipo Daraja la Chuma lililojengwa mwaka 1779, daraja kubwa la kwanza duniani kuundwa kwa chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kwa hiyo watu wa sehemu hizi wamekuwa wakiunda vitu tangu enzi za mababu zao.

Kila Novemba, kwa siku mbili, jumba la mikutano la mji huo hufurika wapenzi wa mifano ya plastiki. Maonyesho hayo huitwa Scale ModelWorld, na huandaliwa na tawi la Uingereza la chama cha kimataifa cha waundaji wa mifano ya plastiki. Utaona vifaru, meli na magari, lakini mfalme wa hapo ni ndege.

Deni la tangu utotoni

Kabla sijakuingiza ukumbini, yafaa nikueleze sababu iliyonipeleka.

Baba yangu ni fundi seremala. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa kijana wa kibarua, akiishi Makadara jijini Nairobi. Jumapili baada ya ibada alikuwa akipanda baiskeli hadi uwanja wa Embakasi kutazama ndege. Iliyomteka moyo ni Super VC10 ya shirika la East African Airways. Ilikuwa na mwili mrefu mwembamba, injini nne zote zikiwa nyuma, mbili kila upande, na mkia mrefu wenye umbo la herufi T. Baba hakuwahi kuipanda. Kwa mshahara wake wa siku hizo, hata tiketi ya kwenda tu asingeimudu.

Mwaka 1994, nilipokuwa na miaka tisa, alinichongea ndege hiyo kwa kipande cha mjakaranda. Hakuwa na picha. Alichonga kwa kukumbuka tu, kisha akaipiga msasa hadi ikawa inateleza mkononi kama sabuni.

Nami nilifanyaje? Baada ya wiki mbili niliibadilisha na mtoto wa jirani kwa gari la plastiki la betri. Betri ziliisha siku ya tatu. Kufikia mwisho wa mwezi gari lenyewe lilikuwa jalalani, na nilipotaka kurudishiwa ndege yangu, jirani zetu walikuwa wamekwisha kuhama mtaa. Baba aliuliza mara moja tu, "Ndege iko wapi?" Nikamwambia. Hakunichapa wala hakunikemea. Aliinama akaendelea kupiga randa. Heri angenichapa.

Siku hizi Baba anaishi kijijini, Kangundo. Mikono yake imeanza kutetemeka. Mwaka mmoja kabla ya safari yangu alikusanya randa, patasi na misumeno yake, akavifungia sandukuni, asilifungue tena. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja akimtembelea alikuwa akijikalia pembeni na simu, babu naye akitazama barabara. Wawili hao hawakuwa na la kuzungumza. Basi niliposikia kwamba Telford kuna soko ambako watu hubadilishana vijindege vya zamani, nilijiambia, huenda ile VC10 iko huko.

Ndani ya kumbi

Ukivuka mlango unapokewa na harufu ya rangi na plastiki. Kisha macho yanatawanyika. Mbele yako kuna meza kwa mamia, na juu ya kila meza ndege zimepangwa kama maandazi kwenye sinia. Vyama vya waundaji kutoka miji mbalimbali ya Uingereza, na vingine kutoka ng'ambo, kila kimoja kina meza yake. Wako hata watu ambao wameunda kikundi kwa sababu ya kupenda aina moja tu ya ndege, na hawataki kusikia habari za nyingine.

Vijindege hivi haviundwi kwa kukisia. Kila kimoja hufuata kipimo. Kinachopendwa sana ni moja kwa sabini na mbili, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72. Kwa kipimo hicho mtu wa futi sita anabaki na kimo cha sentimita mbili na nusu. Niliinama juu ya ndege moja ya kivita nikamwona rubani amekaa kitini, na mbele yake vidude vya kuonyesha kasi na kimo, kila kimoja kikiwa kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Aliyeiunda, mwanamume mwenye vidole vinene kama vya mwashi, aliniambia alitumia miezi saba. Alitumia brashi yenye nywele tatu tu.

Yapo pia mashindano. Waamuzi huzunguka na tochi ndogo wakimulika maungio. Wakiona ufa mahali ubawa ulipokutana na mwili, au alama ya kidole kwenye rangi, basi hiyo imekwenda na maji.

Pengine unajiuliza, kwa nini wazee ni wengi hapa? Jibu liko katika historia. Mwaka 1939, Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungary, alianzisha mjini London kampuni ya Airfix. Ilianza kwa kutengeneza vitu vya mpira vya kujazwa hewa, baadaye ikatengeneza vichana vya nywele. Mnamo 1952 ikatoa meli ndogo ya plastiki iliyouzwa kwa vipande, na kwa bei ambayo mtoto aliweza kuimudu. Ndege zikafuata muda mfupi baadaye. Watoto waliokuwa wakikimbia dukani na senti zao siku hizo ndio wazee niliopanga nao foleni.

Hata hivyo sikuwaona wazee peke yao. Kwenye meza moja msichana wa miaka kama minane alikuwa akibandika ubawa, huku babu yake akimshikia mwili wa ndege. Hawakuwa wakiongea. Babu alihesabu kimya kimya hadi gundi ikashika, akatikisa kichwa, msichana akachukua kipande kingine. Nilisimama hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Gikomba ya vijindege

Sasa twende kwenye meza za kubadilishana. Hapa ndipo begi tupu hupata kazi. Masanduku yamepangwa hadi kidevuni, mengine mapya kabisa, mengine yameparara kwa jua la madirishani. Watu wameinama wakichakura. Nikajiona niko Gikomba. Kanuni ni zile zile. Unachakura bila haraka, unajifanya hutaki ulichokipata, unauliza bei ya kitu kingine kwanza, halafu unarudi polepole.

Waundaji hawa wana utani wao, kwamba kila mmoja ana masanduku mengi kuliko siku alizobakiza duniani. Ni utani wenye ukweli ndani yake. Kwenye meza moja mama mmoja aliniambia anauza masanduku ya marehemu mumewe. Alikuwa haulizi bei kubwa. Aliuliza kila mnunuzi swali moja, "Utaiunda kweli, au utaiweka tu?"

Nilitafuta safu ya kwanza na ya pili. Sikuona kitu. Katika safu ya tatu, chini ya rundo la meli, niliona sanduku jembamba lililofifia. Juu yake palikuwa na ndege yenye mkia wa herufi T. Moyo ulinipiga.

Mwenye meza alikuwa mzee aliyevaa sweta la kijani. "Una nini cha kubadilisha?" akaniuliza.

Sikuwa na kijindege chochote. Nilichokuwa nacho begini ni pakiti ya majani ya chai ya Kericho niliyokusudia kumpelekea mwenyeji wangu. Niliitoa. Mzee aliinusa, akacheka, akasema, "Chai hii na pauni kumi." Kisha akanizuia mkono nilipotaka kulipa. "Ngoja kwanza. Kipande kimoja hakipo. Ule ubawa mdogo wa juu ya mkia, upande wa kushoto. Na hizi karatasi za alama zimegeuka manjano, hazifai tena. Watu wawili wamekwisha kulirudisha sanduku hili."

Nilimweleza habari za Baba, za mjakaranda na za gari la betri. Alisikiliza huku akifungua pakiti tena kuinusa chai. Mwishowe akaniuliza, "Lakini unajua kwamba ndege hii ilitengenezwa kwa ajili yenu?"

Ndege iliyokata kimo cha Nairobi

Ilikuwa kweli, na huenda wewe pia hukuijua habari hii. Uwanja wa Embakasi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na jua likiwaka huwa nyepesi zaidi. Mbawa hupata shida kuinua mzigo, injini nazo hupungukiwa nguvu, na ndege nzito huhitaji kukimbia mbali kabla ya kupaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 shirika la BOAC la Uingereza lilitaka ndege ambayo ingeweza kupaa ikiwa imejaa kutoka viwanja vya namna hiyo, kama vile vya Nairobi na Johannesburg. Kampuni ya Vickers ikaiunda VC10. Injini ziliwekwa nyuma ili mbawa zibaki safi na kufanya kazi moja tu, ya kuinua. Iliruka mara ya kwanza tarehe 29 Juni 1962.

East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, lilipata Super VC10 yake ya kwanza mwaka 1966, na kwa jumla likawa nazo tano. Moja iliangamia Addis Ababa ilipokuwa ikijaribu kupaa tarehe 18 Aprili 1972, na watu wakapoteza maisha. Mwaka 1977 shirika lenyewe likavunjika, na nchi tatu zikashika njia tatu.

Na zile ndege nne zilizobaki je? Zilirudi Uingereza. Jeshi la Anga la huko lilizinunua, likazigeuza kuwa ndege za kuzijazia nyingine mafuta hewani. Moja yake, ambayo ilikuwa imeandikishwa Tanzania kwa namba 5H-MMT, ndiyo iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 duniani, tarehe 25 Septemba 2013. Ama kweli, ndege aliyoitazama Baba kutoka juu ya baiskeli ilikuwa ikiendelea kuruka miaka thelathini na sita baada ya shirika lake kuzikwa, na sisi wenyewe hatukuwa na habari.

Niliyapigia mahesabu. Sanduku langu lilikuwa la kipimo cha moja kwa 144. Ndege yenye urefu wa mita 52 ingetoshea kwenye rula ya mwanafunzi na kuzidi kidogo tu.

Kesho yake, Jumapili, nilishuka Cosford, kituo kimoja kilichoko kwenye reli hiyo hiyo. Hapo kuna makumbusho ya Jeshi la Anga, na kuingia ni bure. Nje, mvuani, imesimama VC10 halisi, ya jeshi, fupi kidogo kuliko zetu. Ililetwa kwa barabara mwaka 2015 ikiwa imefunguliwa vipande vipande, ikaunganishwa upya. Nilisimama chini ya mkia nikaangalia juu hadi maji yakaniingia machoni. Nilikuwa nimezoea kudhani Baba alitia chumvi katika masimulizi yake. Hakuwa ametia chumvi.

Kangundo, Desemba

Krismasi ilipofika nilipeleka sanduku Kangundo. Baba alilifungua, akavipanga vipande mezani kimoja kimoja, bila kusema neno. Mwanangu aliinua kichwa kutoka kwenye simu.

"Mkia haujakamilika," Baba akasema.

"Ndiyo, Baba. Kipande kimoja kilipotea."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akainuka, akaingia ndani, na tukasikia sanduku la vifaa likiburutwa sakafuni. Alirudi na tupa, msasa na kijiti cha mjakaranda. Akapima ubawa wa kulia kwa kidole, akaanza kupiga tupa. Mkono ulitetemeka, kijiti kikamponyoka. Akakiokota. Kikamponyoka tena.

"Lete nikushikie, Babu," mwanangu akasema.

Kazi hiyo iliwachukua siku mbili. Mtoto alishikilia kijiti kwa mikono yote miwili, babu akapiga tupa na kueleza: hapa punguza, hapa acha, fuata uzi wa mti. Ilipofika zamu ya gundi walibadilishana, mtoto akawa fundi na babu akawa wa kumwelekeza. Tulifungua madirisha, maana gundi ya plastiki ina mvuke mkali. Kwa sababu injini zote ziko nyuma, ndege za aina hii hukalia mkia usipozitia uzito puani. Mzee wa Telford alikuwa amenionya juu ya hilo, kwa hiyo wakatia misumari mifupi. Kwa kuwa alama za sandukuni zilikuwa zimeharibika, mwanangu aliandika "East African Airways" ubavuni kwa ncha ya kijiti cha meno. Herufi ya mwisho imepinda.

Jioni ya siku ya pili, ndege ikiwa juu ya meza inakauka, nilipata ujasiri. "Baba, unisamehe kwa ile ya kwanza."

"Ipi?"

"Ile uliyonichongea, nikaibadilisha kwa gari."

Baba alicheka hadi akakohoa. "Ile? Injini zake nilizifanya nene mno. Nilikuwa nangojea unipe niirekebishe, wewe ukaipeleka. Afadhali uliibadilisha!"

Msomaji mpenzi, Telford ni mbali na nauli yake ni ghali, wala sikushauri uuze ng'ombe ili uende. Lakini ukibahatika kuwa sehemu hizo mwezi wa Novemba, usiache kupita. Na kama una mzee nyumbani, muulize alikuwa akitazama nini siku za Jumapili alipokuwa kijana. Huenda ilikuwa ndege, huenda ilikuwa garimoshi la mvuke au basi la kwanza kufika kijijini. Kisha mtafutie mjukuu kipande cha mti mwororo, karatasi ya msasa na gundi, uwaache wakae meza moja. Kwa watoto wadogo anza na maboksi na waya, visu viachiwe wakubwa. Watakosea mara ya kwanza. Hata Baba alikosea.

Ndege yetu sasa iko Kangundo, juu ya kabati la vyombo, pua ikielekea mlangoni. Ubawa mmoja wa mkia ni wa plastiki, na mwingine ni wa mjakaranda. Sanduku la vifaa halijafungwa tena. Mara ya mwisho nilipopiga simu walikuwa wakibishana, babu na mjukuu, kuhusu ndege gani ifuate.